Karatasi ya Mzee Ouma

Homa Bay, Jumanne, 14 Machi 1995

Naandika haya jioni, baada ya kazi masjala ya hospitali.

Asubuhi daktari aliomba faili la Mzee Ouma wa Ndhiwa, aliyeletwa wiki mbili zilizopita na mshtuko wa moyo. Alitaka kulinganisha kipimo cha umeme wa moyo cha siku ile na cha leo, ajue kama mzee anaweza kurudi kulima. Nikafungua. Karatasi ya kipimo cha kwanza ilikuwa karibu nyeupe, mistari imefifia. Mimi ndiye niliyeiacha dirishani, na karatasi zile hazivumilii jua.

Achieng, mkubwa wangu masjala, hakuona shida.

"Omera, ndugu yangu, pitisha kalamu juu ya hiyo mistari. Nani atajua?"

Nilishika kalamu. Niliishika kweli. Halafu nikamwona mzee nyuma ya plau, akitegemea moyo niliouchora mimi.

Nikaipeleka ilivyo kwa daktari, nikakiri jua na kalamu pia. Nilijiona nimesharudi Migori kwa mama, bila kazi.

Daktari aliiinua kwenye mwanga, akailinganisha na ya leo. "Bado inasomeka. Leo kuna mapigo yanayoruka. Siku ile hayakuwepo. Ungechora vibaya, mstari ukaruka, ningedhani alikuwa hivi tangu mwanzo, nimruhusu. Angeanguka shambani."

Kwa hiyo mzee habanduki wodini. Aliniita kitandani kwake. "Kumbe ni wewe umenifunga hapa, na mvua imeshaanza? Basi niletee chai."

Achieng hajanisemesha tangu saa nne. Kesho labda...

Chai nilimpelekea. Alikunywa yote, akaomba nyingine.