Baba, Wamewaua Maji Moto Wako

Baba,

Mama hajambo, anakula kidogo kidogo. Mimi sikufichi, hali yangu mbaya, na hasira zangu unazijua.

Maji moto wako, sisimizi wale wekundu wa mikorosho, wameuawa. Na waliowaua si maadui, ni ndugu zako wenyewe, siku ya hitima ya arobaini yako! Wageni wametoka Chumbi, wengine Nyamwage, na kivuli cha kutosha kiko shambani kwako tu, chini ya mikorosho. Baba mdogo akaona aibu, watu waje kukusomea huku wadudu wekundu wanawadondokea kwenye kanzu na kuwauma. Akabeba bomba la dawa, akapuliza mti kwa mti. Mimi niko jikoni naosha mchele. Natoka, nakuta wanafagiwa wamekufa, mikeka inatandikwa. "Tumemsafishia marehemu," akaniambia. Jamani! Nikaingia ndani nikalia, wakadhani nakulilia wewe.

Miaka yote ile walikucheka, ati mzee anafuga wadudu wanaouma. Unatoka asubuhi wangali na baridi, unakata tawi lenye kiota, unatia guniani, unakwenda kulifunga kwenye mti mwingine, kisha unavuta kamba mti kwa mti wapate njia. Mikono imekuvimba, unatucheka sisi tunaokimbia. "Askari wangu hawa, posho hawaniombi." Jirani akija na bomba unamwambia, "Chungulia kwanza. Hujamwona adui, unampiga nani?"

Ndiyo maana watu wa mradi wa hifadhi, wanaotaka sumu isishuke mtoni ikaua samaki, walikuwa wakiwaleta wakulima kwako wajionee. Hapa Mtunda hata Mzee Kassimu, mbishi yule, alianza kuliweka bomba lake chini.

Sasa mbu wa mikorosho, wale wafyonzao machipukizi ambao askari wako walikuwa wakiwala, wamerudi. Machipukizi yameungua, maua yanakauka nayaona. Mzee Kassimu kasimama mpakani, kaniambia kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza: "Mwanangu, baba yako alikuwa na bahati tu." Wiki ijayo mradi unaleta wakulima wengine. Nitawaonyesha nini, Baba? Wakikuta hivi watarudi wote kwenye sumu, na kazi yako itazikwa kama ulivyozikwa wewe. Silali. Nimezunguka mashamba ya watu nikitafuta kiota cha kuanzia upya mpaka miguu imeota malengelenge, kila mahali wamepuliza.

Viota vizima nimeviona mahali pamoja tu, kutoka njiani: kwenye mkorosho wa makaburini, ule uliokufunika wewe. Nimemwomba Baba mdogo akanikatie, kasema makaburini hakukatwi mti. Mama kasema thubutu! Mwanamke makaburini alfajiri, panga mkononi na gunia begani, nani atauliza? Wataniita mchawi mpaka nizeeke, na posa sitaletewa.

Na waniite. Sina pengine pa kwenda.

Kesho watu wakiwa bado msikitini, nakuja. Nitakutolea salamu, nitakuombea dua, ndipo nikate. Nakuahidi, wageni wakifika watakuta mikorosho yako ina wenyewe, hata kama mikono yangu haitashika kijiko. Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti, Baba. Nisamehe kwa kukubughudhi. Ukisikia panga juu yako usishtuke, ni mimi.

Mwanao,
Mwajuma