Aliyeandika "Iruhusiwe"

Dar es Salaam,
14 Novemba, 1976

Kwa dada yangu Mwantumu,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta u mzima pamoja na watoto, na kwamba mvua za vuli zimeanza kushuka huko kwenu, maana hapa zimenyesha siku mbili tu zikakoma. Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua mwezi wa Agosti kimepona. Wifi yako Zamda anakusalimu sana, na anasema ile asali uliyotuletea bado anaipima kwa kijiko cha chai isije ikaisha upesi.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Ni barua ya kwanza kutoka kwako isiyoandikwa na mkono wa mtu mwingine. Herufi zako zimesimama mbalimbali kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba, na hakuna neno nililoshindwa kulisoma. Nimeihifadhi.

Uliniomba jambo moja. Kwa kuwa nafanya kazi kwenye gazeti, nikutafutie mtu anayejiita Mkulima Mstaarabu, wa Korogwe, aliyeandika mwezi wa Aprili kwamba bangi iruhusiwe. Ulisema humtaki kwa ugomvi. Shemeji Mhina ametoka hospitali, daktari amemwonya kuwa akivuta tena zile sauti alizokuwa akizisikia zitarudi, naye anajibu kwamba aliruhusiwa na gazeti, na ataacha siku yule yule aliyeandika atakapomwambia aache. Umekwenda Korogwe mara mbili kumtafuta. Umeuliza sokoni, umeuliza stendi, na muuza vitenge mmoja akakujibu, "Mama, wakulima wapo tele, wastaarabu ndio wamekwisha." Uliandika kwamba ulicheka naye, kisha ukaenda kukaa nyuma ya duka mpaka macho yakakauka.

Nimemtafuta mtu huyo kama ninavyotafuta habari yoyote: kwanza nijue lililotokea, ndipo nijue nani. Barua yako ilikuwa fupi, na nadhani mengine uliyaacha kwa aibu. Mwishoni mwa Oktoba nilitumwa Hale kuandika habari za mitambo ya umeme. Kazi ilipokwisha niliomba siku tatu. Nilikwenda Mashewa kwa Mwalimu Paulina, aliyewafundisha kusoma kabla hajahamishiwa kwao, kisha nikaenda Handeni kuonana na Semboja, mgambo aliyemkamata shemeji. Kutoka pale hadi kwako Kwedizinga si mbali. Sikuja. Najua utaniuliza kwa nini, na nitakujibu kabla sijaweka kalamu chini.

Mwalimu Paulina anasema kwamba katika watu wazima arobaini na mmoja wa darasa lenu, Mhina ndiye aliyekuwa wa kwanza kusoma ukurasa mzima bila kuufuata kwa kidole. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Baada ya hapo alisoma kila kilichokuwa na maandishi: mifuko ya mbolea, madebe ya mafuta, bango la zahanati, hata lebo ndani ya kola ya shati la mwenzake. Magazeti yalifika kijijini yakiwa na umri wa siku nne au tano, na yakishasomwa yalisokotewa tumbaku. Mhina alikuwa akiwafuata wavutaji akiwaomba wamsubiri amalize ukurasa.

Gazeti lile la Aprili lilifika mwalimu akiwa hayupo. Alikuwa Mashewa, akimzika mama yake. Mkalisoma wenyewe. Katika ukurasa wa barua za wasomaji palikuwa na kichwa cha maneno mawili: BANGI IRUHUSIWE. Mwalimu aliporudi alikuta wanaume sita wanavuta mchana kweupe nyuma ya ghala la kijiji. Akawaeleza kwamba yale ni maoni ya msomaji, kwamba mtu yeyote anaweza kuandika, na kwamba sheria iko pale pale. Mhina hakumbishia kwa ukali. Alisimama kwa adabu, kama alivyozoea kusimama darasani, akasema:

"Mwalimu, ulitufundisha kusoma 'vyoo vichimbwe', tukachimba. 'Maji yachemshwe', tukachemsha. 'Kila kaya ilime ekari tatu', tunalima. 'Watu wahamie vijijini', tukahama, na nyumba za zamani tukazibomoa kwa mikono yetu. Lini mlituambia kuwa hayo ni maoni?"

Mimi nimeandika Kiswahili cha magazeti kwa miaka kumi na tisa, na sikumbuki hata mara moja tuliyowaambia. Tena aliyeandika alijitaja kuwa mkulima, na wa Korogwe. Kwenu alikuwa jirani anayepasha habari.

Watano kati ya wale sita waliacha Semboja alipokuja kuwaonya, au walijificha wasionekane. Mhina hakuona sababu ya kujificha. Alikikata kile kipande cha gazeti kwa wembe, akakitia katika mfuko wa shati.

Habari ya nyani hukuniandikia. Nimeisikia kwa Semboja. Shemeji alichaguliwa kuamia shamba la kijiji mchana kwa sababu hakuwa mtu wa kusinzia, na kombeo lake lilikuwa halikosi. Mwezi wa Julai, mahindi yakiwa yamekomaa, kundi la nyani liliingia kama saa tatu asubuhi. Semboja alipita saa sita akamkuta Mhina ameketi juu ya dungu la kulindia mahindi, kombeo mapajani, anawasomea nyani kile kipande cha gazeti. Aliwaita kwa majina ya wanadarasa na kuwaomba wakae kwa safu. Dume moja kubwa alikuwa amelipachika jina la katibu wa kijiji. Semboja anakiri kwamba alicheka mpaka akashika nguzo ya dungu. Kisha akatazama shamba. Ekari mbili na nusu zilikuwa mabua matupu, na kaya ishirini na sita zilikuwa zimelingojea shamba hilo baada ya miaka miwili ya unga wa msaada.

Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka. Wewe unayajua yaliyofuata kuliko mimi: jinsi alivyoacha kulala, akakataa chakula ulichokipika, akasema maandishi yanamwita. Nami najua kwa Semboja kwamba alikwenda mwenyewe ofisini kwao kutaka orodha ya watu wanaomsema, na alipoambiwa hakuna orodha alimpiga Semboja kwa mpini wa jembe. Semboja hana kinyongo. Alinionyesha bega lake akasema Mhina alipiga kama mtu anayeomba radhi. Mahakamani alipoulizwa kama ana la kujitetea alitoa kile kipande, akaomba karani amsomee, kwa kuwa herufi zilikuwa zimeanza kumkimbia. Hakimu hakumfunga. Alimpeleka hospitali, na baada ya miezi miwili wakakurudishia.

Daktari nilizungumza naye kwa simu. Hakuniambia kwamba kila avutaye bangi hupatwa na hayo. Alisema kuna watu ambao ugonjwa huo umelala ndani yao, na bangi huja kuuamsha, na hajapata kuona kipimo cha kumjua mtu wa namna hiyo kabla hajavuta. Niliyaandika maneno hayo katika daftari langu kama alivyoyasema. Siku hizi hapa mjini wapo vijana, na wengine si vijana, wanaosema bangi iachwe huru kwa sababu ni jambo la mtu na kiko chake. Nimewasikiliza. Wengi wao ni wazima na wanasema vizuri. Lakini Mhina alikuwa peke yake na kiko chake juu ya dungu, na kaya ishirini na sita zikalala njaa. Nawe ulikuwa hujavuta hata mara moja, na ndiwe uliyekwenda Korogwe kwa miguu mpaka kiatu kikakatika. Wewe mwenyewe uliniandikia kuhusu kitabu chake cha darasani, kwa mstari mmoja: "Sasa nakisoma mimi." Ikiwa hatuwezi kujua mapema ni nani atakayeangukiwa, sioni ruhusa hiyo itatolewaje, na nani atathubutu kuitia sahihi.

Sasa nifike kwenye ulichoniomba.

Mwezi wa Aprili ukurasa wetu wa barua ulikuwa na nafasi tupu ya nusu safu. Barua zilizobaki mezani zote zilikuwa za kulalamikia foleni ya unga, na tulikuwa tumekwisha chapa tano za namna hiyo. Mhariri wetu, Bwana Matayo, alitaka kitu cha kuwafanya wasomaji wabishane. Ni desturi yetu kwamba barua zikipungua mmoja wetu hutunga. Aliyetunga siku hiyo alikuwa amepata kuvuta bangi mara tatu au nne katika ujana wake, hakudhurika, na alidhani hiyo ndiyo habari nzima. Alimaliza kabla chai yake haijapoa. Alipotafuta jina la kuweka chini aliona Mkulima Mstaarabu linachekesha. Alipotafuta mahali aliandika Korogwe, kwa sababu ndiko kwao. Kisha akaenda kula, na hakuikumbuka tena barua hiyo, hata jina hilo alipolisoma katika barua yako, mpaka Mwalimu Paulina alipomfungulia mbele yake gazeti alilolihifadhi, naye akaitambua kabla hajasoma mstari wa kwanza.

Dada, ni mimi.

Ndiyo sababu nilifika Handeni nisifike kwako. Nilikaa stendi tangu asubuhi, nikaacha malori mawili ya kuja huko yakaondoka, nikapanda basi la Korogwe. Nimeandika habari za watu wengi waliokimbia makosa yao, na sikupata kuwaandika kwa upole. Sitaki unisamehe kwa barua, na sitaki unijibu upesi.

Nimempelekea Bwana Matayo maelezo ya kusahihisha, yenye jina langu kamili. Ameniambia gazeti halisahihishi barua ya msomaji, na kwamba nikizidi kumsumbua nitafute kazi nyingine. Nimemwachia mezani. Hata yakichapwa, hayatamtosha Mhina, kwa maana yeye alitaka aambiwe na mwenyewe. Kwa hiyo Jumamosi tarehe 27 nitapanda basi la alfajiri, na siku ya pili nitakuwa kwenu. Ukiona si vyema niingie nyumbani, mtume Semboja anikute njiani, nami nitazungumza na shemeji popote utakapotaka, hata chini ya lile dungu.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Nimeiandika kwa herufi kubwa, zilizoachana, kama zile za kitabu chenu cha kwanza, ili kama siku hiyo herufi zimetulia aisome mwenyewe, na kama hazikutulia umsomee wewe. Mpe kabla sijafika, apate muda wa kunikasirikia. Imeandikwa hivi:

MHINA. MKULIMA MSTAARABU NI MIMI, SHEMEJI YAKO. SIKUWA NA RUHUSA YA KUKUPA. BANGI ISIVUTWE.

Nisalimie watoto, na majirani wote wa darasa. Umwambie Semboja bega lake nimelikumbuka, namletea dawa ya kuchua. Zamda anakuletea kitenge, na anaomba usimnyime salamu zako kwa ajili yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Mbwana Mdoe