Kilomita za Baba Nimezikimbia Mimi

Alhamisi, 12 Juni. Mawingu tangu asubuhi, na mimi nina hasira tangu mchana. Leo naandika yote, hata yale yanayoniaibisha mwenyewe.

Nilipokuwa kidato cha pili niliandika insha kwamba watu hufanya mazoezi ya mbio ndefu ili waujue uvumilivu wao. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Leo ningeichana.

Watu wazima wa ofisini kwa baba, hapa Kibaha, wanakimbia kwa sababu bosi mpya anakimbia. Basi. Bosi aliyepita alipenda mbuzi choma, wote wakapenda mbuzi choma. Huyu alipofika na viatu vyake vya mbio, wiki haikuisha kila mtu akawa na raba mpya na maumivu ya goti. Wamejiandikisha mbio za Jumapili hii kule Kisarawe. Wamefungua na kundi kwenye simu, na kila jioni kila mmoja anaweka humo kilomita zake, jinsi simu ilivyozihesabu. Mama mmoja wa masjala anakimbia mita mia, anapiga picha kumi, kisha anarudi kwa bodaboda huku simu inaendelea kuhesabu.

Nawadharau. Nimefundishwa kuheshimu wakubwa, na bado nawadharau.

Na baba yangu ni mmoja wao.

Mimi nakimbia kweli. Likizo hii kila asubuhi natoka kwetu, mtaa wa Pangani, hadi barabara kuu na kurudi, kwa sababu nataka kuchaguliwa timu ya shule. Siku moja baba alinifunga simu yake mkononi.

"Si unakimbia hata hivyo, mama? Beba tu."

"Lakini baba, wewe hujakimbia."

"Kilomita ni kilomita. Nenda, jua lisikukute njiani."

Nikaenda. Yeye akabaki na chai na chapati.

Sasa aibu yangu. Jioni ile alinionyesha walichomwandikia. "Mzee Mfaume, hizo pumzi unanunua duka gani?" "Huyu hali wali, anakula betri!" Nilifurahi kana kwamba wameniandikia mimi. Kesho yake nikaongeza kilomita mbili. Juzi nikaongeza nne, ili tu nimpite mhasibu wao. Sikuwaza timu wala uvumilivu. Nilitaka sifa kutoka kwa watu ninaowadharau.

Leo mchana, baba akiwa amerudi kula, bosi ametangaza kwenye kundi kwamba baba atakimbia naye kilomita ishirini na moja, bega kwa bega.

"Vilima vya Kisarawe navijua, mimi mtoto wa huko huko, Marui," baba alisema. Lakini tonge alilirudisha kwenye sahani.

Alipotoka kazini akavaa raba, akaniambia nimfuate. Alikimbia hadi dukani, nyumba sita tu kutoka kwetu, kisha akashika ukuta. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Baba anameza vidonge vya presha kila asubuhi.

"Ni hizi raba," alisema. "Zinabana."

"Baba, mwambie bosi ukweli."

"Nimwambie nini? Kwamba nakimbiziwa na binti yangu? Nitaingia ofisini kwa uso gani?" Akavuta pumzi. "Na mama yako asijue."

Nilitaka kumdharau hapo pia. Nilishindwa. Nilikuwa nasikiliza moyo wake unavyopiga, nikiwa hatua mbili kutoka kwake.

Mama anaamini baba anakwenda Kisarawe kushangilia tu. Sasa hivi yuko jikoni anakaanga samaki, anaimba.

Ni mimi niliyempandisha baba juu kwenye kilomita za kundi lile.

Nimeshaamua jambo moja: kesho nakimbia bila simu yake. Hilo halitoshi, najua. Kesho Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho ofisini kabla ya mbio, na bado natumaini atafungua mdomo mwenyewe, kwa sababu baba yangu si mwongo. Ni mwoga tu, na mimi pia.

Ninyi mnaosoma hapa mtandaoni, hasa mliowahi kumficha mama jambo la baba, naomba mnijibu leo hii, kabla hatujaitwa mezani: nimwambie mama sasa, au nimpe baba hadi kesho jioni aseme mwenyewe?