Alama ya Chini ya Kitovu

Jumapili, Makambako. Upepo wa leo unachuna ngozi. Mimi ninayejisifu siogopi kitu nimejikunyata kwenye kafe ya intaneti kama kuku aliyenyeshewa.

Leo naogopa.

Mnanijua humu jukwaani. Kwenye kiwanda cha mbao Njombe hakuna anayenifikia kwa kuchora magogo mistari ya kupasulia. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini nikipitisha kalamu yangu ya wino mweusi, msumeno unafuata bila kubisha.

Wiki iliyopita nilimpeleka mama Dar. Ana saratani ya shingo ya kizazi. Wakamlaza kwenye mashine ya CT, ikampiga picha za ndani, kipande kwa kipande, kama gogo linavyopasuliwa mbao. Daktari akanieleza kwamba kwa picha hizo wanapanga mionzi ipite wapi, ichome uvimbe na isiunguze kibofu wala utumbo. Kisha wakamchora mama alama za wino, mbili nyongani na moja chini ya kitovu, ili kila siku alazwe vilevile. Akasisitiza zisifutike. Turudi Alhamisi.

Nikajidai nimeelewa kuliko manesi.

Jana shangazi kaja kutoka Matembwe kumwona mgonjwa. Kachemsha maji, kamwogesha wifi yake, kamsugua na dodoki kwa upendo wote. Mama akaona haya kumwambia michoro ile ni ya nini, maana ugonjwa wenyewe uko huko.

Akasuguliwa.

Leo baada ya ibada mama kaniita, nikasimama nje ya pazia. Za nyongani zipo. Ya chini ya kitovu haipo. Jikoni shangazi alikuwa analia.

"Ingia na kalamu yako, fundi," mama akasema. "Nitafumba macho. Si unasema hujawahi kukosea?"

Mama huyu, anayenifukuza hata akijifunga kitenge tu, ananiita nikamwone tumbo.

Nikaishika kalamu mfukoni. Ubao ukiukosea kidole kimoja, unakuwa kuni.

"Hapa nitakosea, mama."

Mama akasema, "Basi kakate tiketi."

Tunaondoka kesho alfajiri, kabla ya siku yetu. Labda watapiga picha upya. Labda watatupeleka nyuma ya foleni, na uvimbe haujui foleni. Sijui, na leo sijidai kujua.

Kalamu nimempa shangazi aifiche, nisije nikajiona fundi njiani.