Namba Tisa, Mengineyo

Jumatatu, 12 Oktoba

Duru mpya ya kura ya maoni imeanza leo. Wahojaji kumi na mmoja, hedifoni nzima kumi — ile mbovu ikaniangukia mimi, bila shaka! Brennan akanipa yake. Ni msimamizi wetu, umri wa binti yangu, lakini adabu anayo. "Bi Orlinda" haimtoki mdomoni.

Kazi ni ileile. Kompyuta inapiga namba yenyewe, mimi nasoma maswali. Namba siioni. Jina siulizi. Natanguliza ahadi: majibu yako ni siri. Swali kubwa safari hii ni la saba — ni jambo gani moja ungetaka gavana ajaye aanze nalo? Mtu anasema lake, mimi nabonyeza. Usalama, moja. Shule, mbili. Madaktari, tatu. Maji na moto wa msituni, nne. Kuna mengine mpaka nane. Lisilo na mahali linakwenda tisa: mengineyo.

Wamenipokea tisa tu. Mmoja anataka shule: mjukuu wake tangu Agosti anafundishwa hesabu na kocha wa mpira. Mama mmoja anataka madaktari: kapewa miadi ya moyo mwezi wa Mei. "Huo moyo si utakuwa umeshaondoka zake?" Mwingine kanitukana vizuri sana — eti tunawakumbuka kila miaka minne, kama shemeji aliyenusa nyama.

Nimemsimulia Ubaldo. Mume wangu huyu kastaafu idara ya barabara, sasa kazi yake ni kunungunika. "Miaka arobaini napiga kura hapa New Mexico, hakuna aliyewahi kuniuliza nataka nini." Nikamuuliza, haya, unataka nini? Kafikiri mpaka supu ikapoa. "Niulizwe," kasema.

Jumanne, 13 Oktoba

Sina raha. Naandika pengine itapungua.

Saa tisa alasiri alipokea bibi mmoja. Sauti nyembamba, ya mtu aliyepanda ngazi. Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma na kupumua, inanguruma na kupumua. Nikasoma maswali. Kajibu yote taratibu, kama yuko mbele ya padri. Nilipofika la saba kasema:

"Mwanangu, upepo ukivuma wanatuzimia umeme. Wanasema nyaya zisije zikawasha msitu. Sawa, msitu uliungua kweli, nimeuona kwa macho yangu. Lakini mume wangu anapumua kwa mashine. Gavana awaambie hao watu wa umeme — kabla hawajazima, waje kwanza waone nani anapumua kwa waya."

Nilisahau kusoma. Nikamuuliza kama wana mtungi wa oksijeni wa akiba. Sikuruhusiwa kuuliza hivyo! Kasema uliisha mara ya mwisho walipozima, na mwenye kuleta mwingine kasema mpaka Jumatano ijayo. Nesi wa Alhamisi naye haji tena, zahanati imefungwa. Tangu mafuriko yachukue daraja, kasema, kuvuka kwao ni kwa miguu juu ya mbao.

"Sasa hilo umeandika wapi?" kaniuliza.

Kompyuta ilikuwa inapepesa. Ni madaktari? Ni moto? Nikabonyeza tisa.

Nikamwambia nimeandika. Kanishukuru. Kanishukuru mimi!

Jumatano, 14 Oktoba

Redioni asubuhi: upepo mkali wa kusini-magharibi unakuja Jumamosi. Ukame. Hatari ya moto. Huenda umeme ukazimwa kwenye mabonde ya milimani.

Msitu ulioungua uko huko. Ni kwa yule bibi!

Nikaenda kwa Brennan kabla sijavua koti. Nikamwambia yote. Nikamwomba anitafutie namba tu, moja tu. Kafunga mlango. Hakunifokea — afadhali angefoka.

"Bi Orlinda, tunawaahidi siri. Tukimtafuta huyu kwa wema, kesho atatafutwa mwingine kwa ubaya. Nani atatujibu tena?"

"Na akifa?"

Kashika kichwa. Kasema atawauliza wakubwa. Nikajua maana yake.

Siku nzima nimesoma swali la saba na kila mtu namsikia anahema. Mwanamume mmoja katania anataka gavana amtafutie mke. Wenzangu wakacheka. Mimi nikamuuliza umeme wenu ukoje. Akakata simu.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimepiga simu kampuni ya umeme wakati wa chakula. Nimesubiri dakika thelathini na nane, muziki uleule, kisha binti mmoja mpole kasema kuna orodha ya wagonjwa wa majumbani, mteja anajiandikisha mwenyewe. Je, bibi huyu kajiandikisha? Jina lake nani? Sijui. Basi hawezi kuangalia.

Nikapiga kwa sherifu.

"Anwani?"

"Sina."

"Jina la mgonjwa?"

"Sina."

"Mama, sasa wewe unaripoti nini hasa?"

Nikakata simu. Naripoti nini? Sauti. Mashine inayonguruma. Mbao juu ya mto.

Ubaldo anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimefua mapazia ambayo yalikuwa safi. Nikamwambia kinachoniuma zaidi: nimeahidi siri, na kumtafuta ni kuvunja ahadi. Kaacha kutafuna.

"Jibu lake umemwambia nani?"

"Brennan na wewe."

"Mimi ni kaburi. Lakini kwamba watu wanazimiwa umeme siyo siri, mke wangu. Hiyo dunia nzima inajua."

Sijui kama ni kweli au ananifariji tu. Kwa Ubaldo ni shida kutofautisha.

Ijumaa, 16 Oktoba

Wamethibitisha. Kesho, saa mbili asubuhi, umeme utazimwa bonde zima la Cañada Honda, ambako mafuriko yalichukua daraja, na mawili ya jirani. Mpaka upepo utulie. Lini? Hawasemi.

Saa kumi Brennan kapita nyuma ya kiti changu, kainama kama anayeokota kalamu. "Sikukuambia hili. Namba imepigwa mara tatu. Haipokelewi." Akaenda zake. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Basi aliipiga! Yeye mwenyewe!

Lakini haipokelewi. Yuko kwenye kuku? Kalala? Au —

Nikatoka kabla ya zamu kwisha, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nikampigia Eduvigen, karani wa parokia, anayejua nani kabatizwa na nani anadai kabatizwa. Sikumwambia habari za kazi. Nikamuuliza tu kama kuna mzee bonde lile anayetumia mashine ya oksijeni.

"Wako wanne. Unamtaka yupi?"

Wanne! Nilikuwa nimejiandaa kwa mmoja.

"Mwenye mke," nikasema. "Bibi mpole."

"Wote wana wake, na wote wapole mpaka uwaguse. Hebu sema vizuri."

Nikasema ng'ambo ya mto, kwenye daraja lililochukuliwa.

"Aa! Huyo ni Onésimo, wa Casimira. Nyumba ya bati jekundu. Ana nini?"

Hapo nikavunja kitu, nadhani. Nikasema: hana mtungi, na kesho wanazima. Eduvigen hakuuliza nimejuaje. Kasema atawatafuta wale watatu wengine. Simu ya Casimira kaipiga nikiwa nasikia, kwenye laini nyingine. Inaita tu.

Ubaldo kaenda kwa kaka yake Fidencio, naye mapafu yake yaliishia mgodini, na karudi na mtungi mmoja. Fidencio ana miwili. Kampa bila ubishi, ila kamwambia autoe vumbi kwanza, asije akamtia aibu kwa watu.

Nilitaka twende saa ileile. Ubaldo kasema macho yake gizani hayamtoshi kwa barabara ile, na yeye ndiye aliyeiziba mashimo miaka ishirini. Tunaondoka alfajiri. Nimefunga tortila, chapati zetu za huku, kwenye kitambaa. Sijui kwa nini nimefunga tortila.

Jumamosi, 17 Oktoba

Naandikia kwenye meza ya jikoni kwa Casimira. Nisipoandika nitakuwa naangalia mshale wa mtungi kila dakika, na Casimira ataniona.

Tulitoka saa kumi na mbili. Mti ulikuwa umeanguka barabarani kabla ya kanisa. Ubaldo aliukata kwa msumeno wake huku anaitukana idara yake ya zamani. Upepo ulikuwa unalisukuma gari kama mtu mwenye ugomvi nalo. Saa mbili ilitukuta bado njiani. Niliona saa kwenye dashibodi.

Mtoni tulifika saa nne kasoro. Gari halivuki. Ubaldo kaubeba mtungi begani kama mtoto, mimi nikatangulia juu ya mbao. Bati jekundu. Mlango ulikuwa wazi.

Mzee alikuwa amekaa wima kitandani, mikono juu ya magoti, midomo rangi ya majivu. Mashine pembeni kimya. Casimira alikuwa anampepea kwa jarida. Anampepea! Na nje upepo wa kung'oa paa.

Ubaldo kafunga mrija kama alivyofundishwa na Fidencio. Mikono yake mikubwa ile, sikujua inaweza kuwa myepesi hivyo. Hewa ikaanza kupiga mluzi. Dakika kumi, kumi na tano. Midomo ikarudi rangi kidogo. Mzee kanitazama, kamtazama mkewe, kasema neno lake la kwanza:

"Hawa ndio wa umeme?"

"Hapana," nikasema.

Casimira kanigeukia. Kaninyooshea kidole chenye unga. "Sauti hii naijua. Wewe ni yule wa maswali."

Nikaona aibu mpaka kwenye nyayo. Nikaanza kueleza — siri, ahadi, Eduvigen. Kanikatiza. "Nilikwambia ili usikie, mwanangu. Ningetaka siri ningemwambia mbuzi." Na jana hakupokea kwa sababu simu ilianguka kwenye ndoo ya maji, imekauka leo, hailii ila inakoroma. Nilicheka. Nikaona machozi yananitoka, basi nikajifanya nahangaika na kuni.

Kisha kauliza: "Na Filemón, kule juu, naye anapumua kwa waya? Na Rosendo? Hao mmewapelekea mitungi mingapi?"

Nikamwambia Eduvigen anawatafuta, sisi tumekuja na mmoja.

Hakunilaumu. Kaniambia tu niketi.

Mtungi unatosha muda wa saa tano, pengine sita tukibana. Simu zetu hazina mtandao, mnara nao umezimwa. Kumbeba mzee juu ya zile mbao na upepo huu haiwezekani. Ubaldo kapima kwa macho mara tatu, kisha katikisa kichwa. Basi saa tano asubuhi kaondoka kwenda kituo cha wazimamoto wa kujitolea, chini kwenye njia panda, ambako wana jenereta na redio. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, kasema. Kanigusa bega. Si kawaida yake.

Sasa ni saa tisa.

Mshale uko chini ya robo. Casimira kakipunguza kipimo cha hewa kidogo, kisha mzee akaanza kuvuta pumzi kwa mabega, kakirudisha. Harufu ya moshi imekuja mara moja na kupotea. Ni jiko letu, au si jiko letu? Nimetoka mara mbili kuangalia. Vumbi tu.

Nawaza: mti mwingine umeanguka njiani. Nawaza: Ubaldo kageuza gari vibaya pale kwenye kona ya changarawe. Nawaza wale asilimia mbili au tatu ambao Jumatatu watatokea chini kabisa ya karatasi ya matokeo, chini ya mstari wa barabara, kwa herufi ndogo: mengineyo. Mimi niliwaweka pale. Kidole hiki hapa.

Mzee anahesabu pumzi, midomo inacheza. Nimeketi karibu yake. Kaniuliza kwa kunong'ona kama huyo gavana atakuwa mwanamume au mwanamke. Nikamwambia bado hatujui, zimebaki wiki mbili na ushee. Kafikiri. "Basi sina haraka," kasema, na Casimira kampiga kofi la mkono kwa kutania hivyo.

Kakanda unga kwa watu sita. Tuko watatu. Nimemwambia asijisumbue.

"Mgeni kaja kwa miguu yake juu ya zile mbao, nimwache na njaa?"

Upepo umekata ghafla. Kimya kama mtu aliyeshika pumzi. Gari! Linapanda, linasaga changarawe, limesimama ng'ambo ya mto. Mlango umefungwa. Kisha wa pili. Wamekuja wawili; Ubaldo aliondoka peke yake.

Mzee kafumbua macho. Casimira anafuta sahani mbili zaidi kwa aproni yake, na mimi bado sijasimama kwenda dirishani kuona ni nani.