Barua Kumi na Moja Zisizofunguliwa

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo dada. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Huku tu wazima, ila magoti yananisumbua. Uzee haupigi hodi.

Barua yako niliipata juzi. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama pale unaposema umeiona mtandaoni orodha ya makaratasi ya baba, yale niliyowapa chuo kikuu, na humo imeandikwa: barua kumi na moja kutoka kwa binti yake, hazijafunguliwa. Unasema umelia sana, kwamba kumbe baba alikufa na kinyongo, hata mwandiko wako hakutaka kuuona.

Jana nilikwenda huko chuoni. Ungekuwepo ungenicheka: mimi niliyekuwa nikiyaita madaftari yake ya vitendawili takataka za mzee, nimeambiwa ninawe mikono kabla sijayagusa! Kalamu yangu ya wino ilizuiwa mlangoni, nikapewa penseli. Mama mtunza nyaraka, mpole lakini hana mchezo na kazi, akaniletea boksi. Nikamwomba anirudishie zile bahasha, au walau aufute ule mstari. Alisema haiwezekani; wao kitu hukiorodhesha kama walivyokikuta, na bahasha iliyofungwa hawaifungui bila ruhusa ya aliyeiandika. Akaniuliza kama najua kwa nini mzee hakuzifungua.

Nikamjibu kwamba baba alikuwa mtu wa kisirani, akinuna amenuna. Akaandika, dada! Akaandika kwamba hayo yamesemwa na mtoto wake. Nilitoka pale nikiona haya hata kumuaga mlinzi.

Dada, nimemsingizia marehemu. Baba hakuzikataa barua zako. Hakuziona. Ufunguo wa sanduku la posta nilikuwa nao mimi. Ulipoondoka kwa ugomvi ule, nilibaki mimi kumwogesha na kumlisha, naye mchana kutwa ni wewe tu mdomoni. Wivu ulinila. Barua ya kwanza ilipofika niliogopa unataka kuja kumchukua, nikaificha chini ya nguo zangu. Ya pili ikawa rahisi zaidi. Kuzichoma nilishindwa, kuzifungua nilishindwa. Watu wa chuo walipokuja nikazisokomeza chini kabisa ya boksi, nikidhani hakuna mwendawazimu wa kufukua mpaka huko. Kumbe ndiyo kazi yao.

Kesho narudi kwa yule mama aandike ukweli. Nimetaka uupate kwangu kwanza, usije ukausoma kwenye orodha.

Na hili nalo ulijue, maana nimechoka kulibeba. Kila niliporudi kutoka posta, baba aliniuliza kama umeandika. Nami nilimjibu bado. Hata wiki ile ya mwisho aliniuliza.

Nisalimie shemeji na watoto, kama utaona bado nastahili kuwasalimia. Nakuomba radhi, na hata usiponijibu sitakulaumu.

Ni mimi mdogo wako,
niliyebaki na baba.