Mti Wako Unaonukia Tango Umepata Jina

Mzee Haruna,

Amani iwe nawe huko uliko. Kaa chini kwanza, kama huko wanawapa viti, maana habari hii haisikilizwi umesimama. Nimepata jina la mti wako. Mi, Kasimu, niliyeacha shule darasa la sita, yule uliyesema mdomo wake ni redio isiyo na kifungo cha kuzimia. Nimelipata, na ninakuandikia mkono ukitaka kukimbia mbele ya maneno.

Lakini kabla ya jina kuna kosa, na kosa ni langu.

Unakumbuka pepinieri yetu, kitalu chetu hapa Gasenyi, kila mstari wa miche na kibati chake, kimekatwa kwenye mkebe wa nyanya, jina limekwaruzwa kwa msumari: gereveliya, avoka, limau. Viwili tu uliviacha vitupu. Kimoja ni cha kile kimche chenye miiba ulichookota njia ya Rumonge. Kingine ni cha ile miche kumi na miwili, uliyoiotesha kutoka mbegu za kwanza za mti wa uani kwako Buyenzi. Mti wenyewe ulikuja kama mbegu moja ndani ya leso ya padri mzee, naye alikwambia neno moja tu: imetoka misitu ya mvua ya Australia. Basi. Padri akarudi kwao, we ukabaki na mgeni asiye na karatasi.

Watu waliomba miche ile ukakataa. "Mutu bila kitambulisho anakwama kwenye bariyeri ya kwanza. Mti ni vilevile. Hujui jina lake, usiutoe, usiule." Nilikuwa nacheka. Nilidhani ni uzee.

Ukatutoka. Siku ya arobaini yako nyumba ilijaa mpaka barabarani, Waislamu wa Buyenzi na Wakristo wa kila mtaa, na mi nikaona uchungu kwamba watu wataondoka mikono mitupu. Nikachukua msumari wako. Kwenye kibati kitupu nikaandika MAKADAMIA.

Usinikunjie uso. Akili yangu ilitembea hivi: makadamia asili yake Australia, mti wako asili yake Australia, huyu ana mbegu ngumu na yule ana mbegu ngumu. Tena mi nimekula makadamia Nairobi, enzi za utanboi wa malori. Mutu aliyelala Lubumbashi akaamkia Kasumbalesa, atashindwa na mti mmoja? Nilichosahau ni kwamba nilizila zimeshamenywa, ndani ya pakiti. Mtini sijaziona hata siku moja.

Nikagawa miche. Watu walilia, Mzee. Déo wa Mutanga Nord, yule wa wizarani aliyekuwa ananunua maua kwako kila Pasaka, alibeba sashe yake ya mche kifuani kama mtoto mchanga anayetoka maternité.

Mwaka huu mti wako umezaa kama umetumwa. Maganda makubwa kama kiatu cha mtoto, magumu, ukiyapasua ndani mna mbegu tatu nne za rangi ya kahawia, zinang'aa, zinakuita. Mjane wako, Mama Hadija, akajaza kapu. Mi mwenyewe, kwa mdomo huu, nilimwambia akaange, wajukuu wale nguvu za babu yao.

Asubuhi aliyopanga kukaanga, alikuja pepinieri msichana anayesoma kilimo chuo kikuu, anaitwa Inès, anatafuta mche wa limau. Akakisoma kibati changu. Akatazama mche mmoja uliokuwa umebaki mgonjwa nyuma ya pipa, maana niligawa iliyo mizima. Akasema, "Tonton, makadamia gani hii yenye jani kama unyoya wa kuku?" Nikamweleza safari zangu zote. Alinisikiliza kwa heshima, halafu akatoa simu.

Mzee, laiti ungekiona kitu alichonionyesha humo. Wataalamu wa Australia wamekusanya mimea ya misitu yao ya mvua, maelfu, miti na kamba zinazopanda na majani ya chini, wameyakausha majani na kuyatunza miaka na miaka, kisha wameyaweka yote mahali pamoja ambapo hata mimi wa Gasenyi naruhusiwa kuingia. Wanakiita ufunguo. Hakikupi jina. Kinakuuliza. Jani ni moja au limegawanyika? Yamekaa mawili mawili yakitazamana, au moja huku moja kule? Ukikata kijiti, kinatoa maziwa? Ukiinua jani juani, unaona vitone? Kila ukijibu, mimea inaondoka. Ni kama forodha: wenye maziwa pita huku, wasio na maziwa subiri pale. Mwisho wanabaki wachache wasio na pa kujificha.

Na hayo maswali, Mzee, ni yako. Kuinua jani juani, kufikicha, kukata kijiti na kungoja. Miaka kumi na tisa ulinilazimisha kufanya hivyo kabla ya chai, nami nikidhani unanichelewesha chai. Inès alikuwa anasoma Kiingereza na kunigeuzia, mi nikijibu bila kutazama mche. Akashusha simu. "Tonton umesomea wapi?" Nikamwambia, kwa Haruna.

Ikabaki mitano. Akafungua maelezo ya mmoja, akasoma kwamba ukiukata unatoa harufu ya tango.

Nilikaa juu ya pipa. Mara ngapi ulisema mti huu unanukia tango, nami nikakujibu pua yako imezeeka?

Picha ikaja: maua yenye rangi ya moto yanayotoka kwenye matawi makongwe, maganda yale yale, mbegu zile zile. Jina nitakupa chini. Kwa sababu Inès aliendelea kusoma, na mstari uliofuata ulisema mbegu zikiwa hivi hivi ni sumu. Wenyeji wa kwanza wa kule wanajua kuzikatakata na kuziosha majini siku nyingi ndipo wazile. Kukaanga tu, kama nilivyoshauri mimi bingwa wa dunia, hakutoshi.

Simu ya Mama Hadija haikupokelewa. Nikapanda pikipiki mpaka mahali pikipiki zinaporuhusiwa, kilichobaki nikakimbia, na tumbo hili unalijua. Nikamkuta uani, imbabura ya makaa inawaka, wajukuu wamekaa na sahani. Sikutoa salamu. Nilipindua kikaango kwa mguu.

Hakuna aliyekuwa amekula. Hata mmoja. Nilihesabu watoto mara mbili.

Nilipomweleza, Mama Hadija aligeukia mti. "Kesho naita mutu wa shoka." Mti ulioupa maji ya birika kila baada ya sala ya alasiri. Nikamwambia: "Mama, mti haujamdanganya mutu. Mwongo ni mimi. Ukitaka kukata, anza hapa." Nikainama.

Alinitazama shingo mpaka nikaanza kuogopa amekubali. Kisha akasema, "Utakuja kila asubuhi kuokota maganda kabla watoto hawajaamka. Siku ukikosa, shoka." Ni wiki ya sita sasa. Sijakosa, hata siku ya mvua ile iliyofunga barabara.

Nyumba kumi na moja nimezizunguka zote, na kibati kipya kila moja. Déo alikuwa mgumu. "Apana, Kasimu, mi nimeshaambia ofisi nzima nina makadamia." Nikamwambia, rudi uwaambie una kitu ambacho hata mkurugenzi hawezi kutamka. Akaomba nimwandikie kwa herufi kubwa.

Haya, jina: Castanospermum australe. Inès aliandika kwenye karatasi, mi nikakwaruza kwa msumari wako, herufi moja moja, na chini yake: SUMU, USILE. Kibati kipo kwenye shina la mti, upande wa dirisha lako.

Lala vizuri, baba yangu wa kazi. Maganda nitayaokota mpaka mgongo ukatae, na ukikataa nitamfundisha mwingine kuinua jani juani.

Jana mteja alisimama mbele ya kile kimche cha njia ya Rumonge. Tumeshauuliza ufunguo wa Inès, haukijui, si cha kwao. Kulikuwa na watu sita wananisikiliza, na mteja akauliza mti gani huu. Msumari ulikuwa mfukoni. Nikamwambia, sijui.

Kibati bado kitupu, Mzee. Nimekifuta vumbi.

Kasimu wako